Dodoki la Bahari

Nilijiona mjanja. Badala ya kumsumbua mzamiaji wetu wa Kipini kwa majina ya maabara, nilimwambia tunatafuta dodoki la bahari, lile la manjano, linalokaa mwambani kama limesahauliwa na mtu aliyekuwa akioga. Akaelewa mara moja. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Sifongo hiyo tulikuwa tumeipata mara moja tu. Majimaji yake yaliua vimelea vya malaria ndani ya kichupa, na maabara ikataka tuoneshe tena kwa sifongo mbichi kabla ya wiki kwisha. Tukishindwa, inafutwa kwenye orodha ya dawa zinazochunguzwa. Mimi nimekulia Garsen, nikitetemeka kwa homa kila mafuriko ya Tana yakipungua. Sikuwa tayari ifutwe.

Mzamiaji aliibuka, akashughulika kidogo nyuma ya mashua, kisha akanipa mfuko. Nikahesabu: manane. Nikahesabu tena: manane. Hesabu sawa, uzito wa pamba. Alikuwa ameyaosha kwa maji yetu ya kunywa na kuyakamua moja moja.

Nikamwuliza kwa nini.

"Daktari, dodoki la mtu halirudishwi na povu. Mimi nimelelewa."

Nikamweleza kwamba dawa tunayoitafuta ilikuwa humo humo alimokamua. Akayatazama maji kando ya mashua.

"Basi leo samaki wa hapa hawana homa."

Tukaanza kupatana. Alisema amechoka, tope la mto limefika mwambani, haoni hata mkono wake. Nikasema mkono wake siuhitaji. Akataka tungoje bamvua lijalo, maji yakupwe sana mwamba uonekane, wiki mbili. Nikasema barafu niliyotoka nayo Garsen haitafika hata alasiri. Mwisho akatoa sharti: nikisimulia, nisimtaje jina. Hilo nimelitimiza.

Akazama tena. Akaleta matatu, yenye ute, yananuka, moja na kaa ndani. Nikayahesabu mara mbili, kaa nikamtoa, tukayafukia kwenye barafu vile vile.

Majibu yalikuja: vimelea vilikufa tena. Nikampigia simu. Akauliza kama sasa dawa ipo. Nikasema bado, huu ni mwanzo na safari ni ya miaka, ila kwenye orodha tumebaki.

"Bamvua hili wataka mangapi?"

Nikasema kumi. Akasema matano. Tukaafikiana saba, yasioshwe, na kuoga kila mtu kwake.