Kidole cha Nalangu kwa Wakorea

Kisemei alipompigia simu kumwalika chakula cha mchana Kitengela, Nalangu alijua mara moja mumewe alichotaka. Mwanamume aliyehamia Kware kwa mke mdogo miaka minne iliyopita hakumbuki njaa ya mke mkubwa bure. Alitaka kidole chake.

Shamba la chini, lile la kando ya lami pale Kisaju, lilikuwa limekwenda kwa kidole hichohicho. Kisemei alimpeleka kula nyama choma, akamwekea mbavu za mbuzi, na karatasi ilipoletwa Nalangu, ambaye hakuwahi kukalia dawati hata siku moja, alijifuta mafuta kwenye leso akabonyeza dole gumba bila kuuliza ni ya nini, kumbe ilikuwa idhini ya mke ya kuuza shamba. Tangu hapo, kila alipopita akaona nyumba za watu zinavyopanda pale, alikumbuka mbavu alizokula. Zilikuwa saba. Na moja haikuwa imeiva.

Sasa kilikuwa kimebaki kipande cha juu, chenye nyumba yake na zizi la mbuzi wake. Hicho nacho kikiuzwa, angekwenda wapi? Binti yake Lorna alikuwa amepanga chumba huko Gataka, chumba ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda.

"Yeyo, mama yangu, usiende," Lorna alimsihi kwenye simu.

"Naenda kumwambia hapana, tena usoni," Nalangu akajibu. Na kwa kuwa alijijua, kabla ya kutoka nyumbani alikula ugali wa watu wawili, ili nyama ikija ikose pa kukaa.

Hoteli ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Chakula chake kilikuwa cha Wakorea, lakini bei haikuwa ya kutisha. Mafundi wa mjengo walikuwa wamejaa humo na kofia zao za plastiki. Kisemei hakuwa amepachagua hivihivi. Kwa wachoma nyama wa mjini angekutana na wazee wa ukoo wake, na wangemuuliza bahasha ya hati za shamba ni ya nini. Alikuwa ameketi na Gideon, dalali wa mashamba, mwenye bahasha yenyewe na kikopo cha wino.

"Ng'oto Lorna, takwenya!" Kisemei alimsalimu mama Lorna kwa sauti tamu ambayo haikuwa imesikika tangu siku ya mbavu.

"Iko," Nalangu akaitikia salamu. "Niko na dakika tano tu. Nimekuja kukataa."

"Utakataa ukishakula."

Mhudumu, msichana aitwaye Akoth, alipanga vibakuli vidogo mezani: maharagwe machanga, viazi, na kabichi nyekundu iliyonukia kama kitu kilichosahauliwa.

"Hii imeharibika," Nalangu akasema.

"Haijaharibika, mama. Imechachishwa makusudi. Na hivi vibakuli ni vya bure, vikiisha naongeza."

Hapo Nalangu akapata njia ya kuokoa heshima yake. Cha bure si cha Kisemei. Akaonja kabichi. Ikamuuma ulimi, kisha ikamwachia uchachu uleule wa maziwa ya kibuyu aliyoyanywa tangu utotoni. Akamaliza kibakuli. Akaomba cha pili. Ule ugali wa watu wawili haukumsaidia kitu.

Kisha nyama ikaja mbichi, imekatwa nyembamba kama majani, na Akoth akawasha jiko lililokuwa katikati ya meza, chini ya bamba la chuma.

"Mbichi? Mimi ni fisi?"

"Mnajichomea wenyewe, mama."

"Hiyo kazi ni yangu," Kisemei akasema, akakunja mikono ya shati. Alikuwa amechoma mapaja ya ng'ombe porini tangu ujana wake, na aliichoma nyama ile kama paja: akaitandaza, akaegemea kiti, akaanza kuzungumza na Gideon juu ya mvua. Vipande vikajikunja, vikawa vyeusi, vikafanana na soli za viatu.

Nalangu hakuvumilia. Alivinyakua kwa uma vilivyosalia bila kuungua, kimoja kimoja, na kuvitia kinywani, vitamu, vyenye sukari na vitunguu saumu. Alikuwa na vitatu shavuni Gideon alipofunua wino.

"Mama, weka kidole tu, halafu ule kwa raha zako."

Na Nalangu, aliyekuja kusema hapana, alijisikia akisema, "Haya, lete."

Mkono ulikuwa njiani kuelekea kwenye wino. Ndipo alipoona kipande cha mwisho, kile kinono kuliko vyote, kikianza kuungua. Mkono ukaacha wino, ukaenda kukiokoa kama anavyookoa nyama kwenye makaa nyumbani: upesi, kwa dole gumba. Lakini hapa hapakuwa na kaa la kugusa na kuachia. Palikuwa na chuma cha moto.

Ukelele wake uliwanyanyua mafundi wote. Akoth alikuja mbio na bilauri ya maji ya barafu, akakizamisha kidole humo. Kilikuwa kimevimba, laini kama yai lililochemshwa, hakina mstari hata mmoja wa kuchapa.

"Si kuna cha kushoto?" Gideon akauliza.

Kisemei alimtazama kama aliyemtukana. "Hakuna Mmaasai anayepokea ardhi kwa mkono wa kushoto. Unataka nipate laana? Tutangoja kipone."

Nalangu aliona aibu yake yote, kidole kikiwa ndani ya barafu. Tamaa iliyouza shamba la kwanza ndiyo iliyokuwa imeliokoa la pili. Yeye mwenyewe hakuwa amefanya lolote ila kula. Angalau neno moja liwe lake.

"Usingoje, Kisemei. Hata kikipona, sitaki. Ile ni nyumba yangu."

"Lakini umekula nyama yangu!"

"Uliichoma vibaya."

Mafundi wakacheka. Kisemei akarudisha karatasi kwenye bahasha, akateremka ngazi na Gideon wake.

Lorna alipopiga simu jioni, Nalangu alikuwa ameketi mlangoni pake akiwatazama mbuzi wakiingia zizini, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa.

"Ulimkatalia, yeyo?"

"Nilimkatalia."

"Mara moja?"

Nalangu akakitazama kidole.

"Karibu mara moja," akasema.