Mkonge Wenye Kiu

Kule maabara tulipiga nyuzi za mkonge mionzi na kuzitia dawa, tena na tena, ili zikifukiwa shambani ziishikie mimea maji. Kazi ilinichosha mpaka nikaichukia. Hatimaye zilipokubali, nilibeba fungu dogo hadi kwetu Nuu nimwonyeshe mama, anayesokota mkonge pajani tangu usichana wake. Nikachota kikombe cha maji mtungini nikazimwagia. Zikayanywa yote, hata tone halikuanguka. Nikangoja sifa.

Mama alizichukua, akazikamua juu ya sufuria ya kunyweshea kuku. Akakamua tena. Hakuna kitu. Maji yale alikuwa ameyachimba alfajiri kwenye mchanga wa mto mkavu.

Akakaa chini. “Mwanangu, umetuletea mwingine wa kunywa maji?”