Mfungaji wangu alikosa kila goli, na mbele yake hapakuwa na mtu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine poleni na majukumu.

Naandika nikiwa na akili zangu timamu. Sijanywa, sijaota, na sipiki chai, yaani situngi uongo. Mnaotaka chai nendeni kwa wale wenzetu walioolewa na majini. Mimi naleta nilichokiona mwenyewe, mchana kweupe, jua linachoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, maeneo ya Mpapura huku Mtwara. Kwetu Njombe, nililetwa kikazi, nimezoea, ming'oko, vile viazi vya porini, nakula kuliko wenyeji.

Nafundisha hisabati, na mimi ndiye coach wa netiboli ya wasichana. Mniwie radhi, mimi ni mkali. Nikiwapa mgongo wananiita Mama Filimbi, wanadhani sijui.

Kitu kimoja nilikuwa sikivumilii: mtoto anayeachia mechi. Kila training nilikuwa nawaambia, ukikosa goli makusudi umewaibia wenzako wote. Na nilikuwa namaanisha.

Sasa mfungaji wangu, GS, alikuwa Somoe. Darasa la saba. Darasani, jamani, tusidanganyane, hesabu za sehemu zilikuwa zinamliza. Lakini mpe mpira asimame chini ya ringi! Alikuwa harushi, anatumbukiza.

Kuna shule za mjini zinachukua wachezaji wazuri na kuwasomesha. Kufika huko lazima kwanza uchaguliwe timu ya wilaya. Baba yake alishaniambia uso kwa uso, "Mwalimu, asipochaguliwa, akimaliza la saba anaenda kwa shangazi yake kumsaidia kazi." Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mikono yake ndiyo iliyokuwa njia yake ya shule.

Mechi ya mwisho tulicheza na shule moja ya upande wa Mto Ruvuma, kule karibu na mlango wa mto. Mteuzi wa timu ya wilaya alikuja kuangalia.

Hao wapinzani walikuwa na GK wao, yaani yule anayelinda goli na kumkaba GS. Jina lake Zainabu. Mrefu, mikono kama miti ya kuangulia maembe. Ni yeye peke yake aliyekuwa anamsumbua Somoe kila mwaka.

Na hawa wawili walikuwa marafiki. Mama yake Zainabu asili yake ni kijiji hiki ninachofundisha, na huku mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo Zainabu aliletwa kwa bibi yake kuchezwa unyago. Akachezwa pamoja na Somoe. Mtoto uliyechezwa naye unyago si rafiki wa kawaida, huyo ni ndugu. Mimi mtu wa Njombe nilikuwa naliona hilo kwa juu juu tu.

Zainabu alifariki. Homa, siku chache tu, basi. Mechi ilipangwa hata arobaini yake haijafika.

Wale watoto wa Ruvuma walishuka kwenye gari wakiwa sita. Nikamuuliza mwalimu wao, wa saba yuko wapi? Akasema, "Dada, wamekataa mtu kuvaa GK. Nimewabembeleza, nimewatisha, wamekataa."

Sheria inaruhusu kucheza pungufu, kwa hiyo refa hakuwa na neno. Wakakikunja kile kizibao cha GK vizuri, kama nguo ya sikukuu, wakakiweka chini ya nguzo ya goli lao. Halafu wakaenda kwenye nafasi zao.

Mama yake Zainabu naye alikuja na lile gari. Alikaa chini ya mkorosho, kanga mpaka kichwani.

Nikajisemea, poleni, lakini leo Somoe anafunga mpaka achoke.

Wakuu, filimbi ilipopulizwa nikaona mambo si ya kawaida.

Kwanza, kelele hazikuwepo. Huku kwetu netiboli ni ngoma, vigelegele, akina mama wanaimba nyimbo za kutaniana mpaka unaziba masikio. Siku ile watu walijaa uwanja mzima na unasikia vumbi likikanyagwa.

Pili, watoto wangu walikuwa wanapazunguka. Ile sehemu mbele ya goli ambapo GK angesimama, hakuna aliyekanyaga. GA wangu ambaye kazi yake ni kumlisha Somoe, badala ya kupiga pasi iliyonyooka, anaupitisha mpira pembeni. Nampigia kelele, "Pitisha katikati, hakuna mtu!" Ananiangalia, anapitisha pembeni tena.

Refa naye, mtu mzima mwenye mke na watoto, nilimwona akikatiza pale. Akasita, akapita kando.

Na Somoe?

Somoe anapokea mpira, anasimama, hakuna wa kumkaba, mita moja kutoka kwenye goli. Anarudisha mwili nyuma, anaurusha juu sana, kama unavyorusha mbele ya mtu mrefu aliyenyoosha mikono. Unapita juu ya ringi. Tena. Tena. Kipindi chote cha kwanza.

Half time nilimvuta pembeni. Nilikuwa nimewaka. "Wewe, unaachia mechi? Unajua yule mteuzi pale amekuja kumwangalia nani?"

Akaniambia taratibu, kwa heshima zote, "Siachii mwalimu. Nakabwa."

Benchi nilikuwa sina mfungaji mwingine. Akarudi, na mambo yakawa yale yale. Tulifungwa goli moja. Hakuna aliyeshangilia, si wao, si sisi.

Mteuzi akaja moja kwa moja kwangu. "Mwalimu, huyu binti alisifiwa sana kwangu. Ameachia, au ndiyo uwezo wake?"

Hebu oneni mtego huo. Nikisema ameachia, anafungiwa. Nikisema ndiyo uwezo wake, hachaguliwi. Nikajibu, "Siku mbaya tu, mkuu. Kila mchezaji anazo."

"Basi arushe sasa hivi. Goli lile lile."

Uwanja mzima ukasimama kuangalia. Somoe akapewa mpira, akaenda peke yake mpaka mbele ya lile goli lenye kizibao chini yake. Akasimama. Mteuzi akasema, "Rusha, binti."

Hakurusha. Alinyanyua uso, akaangalia mbele yake, juu kidogo, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa. Akasema, na sote tulisikia kwa jinsi kulivyokuwa kimya:

"Zainabu, nipishe."

Akangoja kidogo. Halafu akarusha, safari hii mpira ukaenda chini na moja kwa moja, ukatumbukia bila kugusa chuma. Akaokota, akatumbukiza tena. Na tena.

Mteuzi akatikisa kichwa. "Kumbe anaweza. Basi alikuwa anaachia. Mtoto wa hivi mimi simchukui." Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia mambo ya msiba, nikamwambia mambo ya unyago. Akasema timu haichaguliwi kwa mambo ya msiba. Akapanda pikipiki, akaondoka. Nafasi ya Somoe ikaishia pale, na mimi nililia mbele ya wanafunzi wangu bila aibu.

Wakati nafuta machozi, nikaona mama yake Zainabu amesimama. Akakatiza uwanja mpaka kwa Somoe, akamshika mikono yote miwili.

Hakumpa pole. Hakumshukuru. Alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa:

"Amekujibu nini?"

Somoe akasema, "Amecheka, mama. Amesema, haya, pita."

Yule mama aliachia kilio ambacho nadhani alikuwa amekibeba tangu siku ya mazishi. Wanawake wakaja, wakamkalisha chini, na Somoe akakaa naye.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo lakini kimenikaa kooni. Siku hizi, kabla sijamwita mtoto mwizi wa mechi, namuuliza kwanza alikuwa anacheza na nani, halafu nanyamaza nimsikilize.

Makocha, walimu na wazazi mliomo humu, mngekuwa mimi mngemjibu nini yule mteuzi? Na kwa haki kabisa, Somoe aliachia ile mechi, au hakuachia? Mimi nilikuwepo, na mpaka leo sijui. Mwenye kejeli apite kimya kimya, leo sina kifua cha kubishana.