Filamu ya Pili Nyumbani kwa Bi Fusae

Mimi nilimwambia Bi Fusae mapema: nyumba si mwavuli, humwazimi mtu ukategemea itarudi kama ilivyotoka. Akacheka. Alicheka kwa sababu alikuwa ameshakubali, na Fusae Kurihara akishakubali jambo ndiyo basi, hata akiwa mgonjwa atalitimiza. Ndivyo alivyo tangu tulipokuwa tukisoma pamoja hapa Chichibu, Japani, na ndivyo alivyopika chakula cha watoto wa shule maisha yake yote ya kazi, wali wake haukuchelewa hata mara moja. Mimi nauza tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa, na duka langu linatazamana na geti lake. Kwa hiyo haya ninayosimulia nimeyaona, na nisiyoyaona nimeyasikia, maana masikio yangu hayajui likizo.

Filamu ya kwanza ilipigwa nyumbani kwake miaka minne iliyopita. Ni ya kutisha. Mwanamke mwenye nywele ndefu anatoka ndani ya kabati la magodoro, chumba cha juu, anashuka ngazi kwa mikono kichwa kikitangulia. Ilipendwa kupita kiasi. Tangu hapo vijana wanakuja na simu zao kupiga picha geti la Bi Fusae, naye anatoka na aproni yake kuwauliza kama wameshakula. Kuna siku mtoto mmoja aliangua kilio kwa kumwona tu. Bi Fusae akavuka barabara mpaka dukani kwangu.

"Kiyo, hebu niambie kweli. Mimi natisha?"

"Ukiwa hujachana nywele, kidogo," nikamjibu.

Mwaka huu wakarudi na sehemu ya pili. Mwongozaji wao anaitwa Kanzaki, kijana mpole, anainama mpaka unauonea huruma mgongo wake. Alileta keki za maharage, akaomba nyumba ileile kwa mwezi wa sita wote. Bi Fusae akakubali hapohapo, chai haijapoa. Juma lililofuata binti yake wa pekee, Chinatsu, akapiga simu kutoka Kawagoe alikoolewa. Ana mimba, atajifungua mwezi wa saba.

Sasa binti akikaribia kujifungua anarudi kwa mama yake. Mimi nilirudi kwa mama yangu, Fusae alirudi kwa wake. Unarudi, unapikiwa, unajifungua, unakaa mpaka mwili upate nguvu, kisha unakwenda zako kwa mumeo na mtoto mkononi. Hata msioelewana mnarudiana kwa hilo. Bi Fusae akahesabu moyoni akaona watu wa filamu na mtoto wataingia nyumba moja kwa wakati mmoja. Hilo hata hakulihangaikia sana. Alisema Chinatsu atakaa chini, filamu itakaa juu.

Kilichomhangaisha ni kwamba Chinatsu hakusema anakuja lini. Alisema habari za kichefuchefu, za mvua, za mumewe kukoroma. Ya kuja hakuyagusa. Na Bi Fusae hakuuliza.

"Si umuulize tu?" nikamwambia.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo barabarani. Kwake yeye, mama akiuliza ni kama amelazimisha, na binti akikataa wote wawili wanabaki na aibu. Mama anaandaa, basi. Akafua kigodoro alicholalia Chinatsu akiwa mchanga, akakianika, akakikunja. Kesho yake akakifunua akakifua tena. Mimi mambo hayo yananichosha, lakini mwenyewe nina binti Osaka ambaye sijamuuliza kitu cha maana tangu aote meno, basi nikafunga mdomo.

Mwezi wa tano simu ikaja. Nilikuwa jikoni kwake, nikasikia sauti ya Chinatsu ikisema, "Mama, mama mkwe anaona itakuwa vigumu kidogo."

"Ndiyo, ndiyo, bila shaka," akasema Bi Fusae, akiinama mbele ya simu. Akaiweka chini. Kisha akakaa sakafuni palepale.

Ukiambiwa vigumu kidogo, umeshaambiwa hapana. Na hapana ya mama mkwe haihitaji maelezo: ameiona filamu. Mama mkwe huyo wa Chinatsu, Bi Mitsue, nilimwona siku ya harusi tu, mama mmoja amevaa kimono cha thamani, mdomo ameubana. Nani asingeamini kwamba mtu kama yule amekataa mjukuu wake asiletwe kwenye nyumba ya mzimu?

Tangu siku hiyo Bi Fusae akaharibika. Akakonda. Akaweka vichuguu vidogo vya chumvi ya kuzuia mizimu pande mbili za mlango, yeye aliyekuwa akiwacheka wanaoweka. Nguo akawa anaanika uani mgongo ameupa ukuta wa ua, macho yakiwa kwenye dirisha la juu. Siku moja nimempelekea tofu nikamkuta amesimama chini ya ngazi, mkono uko kwenye nguzo, hapandi.

"Kiyo, labda kweli kuna kitu. Labda walipoigiza, kikaja kikaona pazuri."

"Kitu gani, wewe? Chumba cha Tamotsu hicho."

Tamotsu ni marehemu mumewe, fundi wa tatami, mikeka minene ya kutandika sakafu nzima, mtu asiyesema maneno matatu kutwa nzima. Nilisema kwa ukali ili nisionyeshe kwamba nami mgongo umepoa. Na kusema kweli, kesho yake tofu yake niliiacha mlangoni nikarudi dukani mbio, mtu mzima mimi, na makalio yangu haya. Woga unaambukiza.

Ndipo akapata wazo lake. Watu wa filamu za kutisha hawaanzi kazi bila kumwita kuhani wa hekalu aitakase nyumba, na siku ilikuwa imeshapangwa. Bi Fusae akaamua kumwalika Bi Mitsue pamoja na Chinatsu wahudhurie. Waone kwa macho yao nyumba inasafishwa, waone hakuna kilichobaki.

"Fusae, mtu akikuta kuhani mlangoni ataamini uchafu upo," nikamwambia. "Unampelekea ushahidi mwenyewe."

"Sina lingine," akasema. "Mwanangu akijifungulia kwa watu wengine, mimi nitakuwa nani kwake?" Nikamwahidi kuja kusaidia chai.

Siku ikafika, na mvua juu. Sebuleni wamepanga meza: pombe ya mchele, chumvi, samaki mzima. Kanzaki na watu wake wamepiga magoti kwa safu. Katika safu ya nyuma, binti anayeigiza mzimu naye amepiga magoti, katoka moja kwa moja kujaribiwa vipodozi, uso mweupe pe, nywele mpaka kiunoni, gauni limelowa. Nilimnong'oneza Kanzaki amfiche japo chooni. Akasema haiwezekani, wa kwanza kuombewa ni yeye.

Bi Mitsue akaingia, mdomo umebanwa vilevile. Nyuma yake Chinatsu, tumbo liko mbele, amekwepa macho ya mama yake na kutazama viatu. Bi Fusae aliwainamia, nami nikapokea miavuli yao. Kuhani akatikisa fimbo yake yenye vishada vya karatasi juu ya vichwa vyetu. Sote tukainama, na mzimu pia. Mimi sikuomba chochote cha filamu. Niliomba yule mama asisimame akaondoka.

Kuhani alipomaliza, Bi Mitsue akasimama.  Akakata chumba moja kwa moja, akaenda mpaka kwa mzimu, akasimama mbele yake.

"Samahani, binti," akasema, akafungua mkoba kutoa simu. "Ya kwanza niliiona mara mbili. Naomba picha moja, ukininyemelea hivi kutoka nyuma. Wenzangu wa darasa la maua hawataniamini."

Mzimu ukasema, "Kwa furaha, mama," ukamshika bega, ukatoa macho. Watu wakacheka. Bi Fusae hakucheka. Alikuwa anamtazama Bi Mitsue kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake.

"Mkwe," akasema kwa sauti ndogo, "kumbe huiogopi nyumba yangu?"

"Mimi? Kwa nini?"

"Chinatsu alisema… kwamba umeona vigumu yeye kuja kujifungulia hapa."

Bi Mitsue akashusha simu. "Mkwe wangu, mimi sijasema hivyo. Mimi niliambiwa wewe umechoka, afya si nzuri, huwezi kumpokea. Nimekuletea hata dawa za nguvu, ziko kwenye mfuko."

Wakageuka wote wawili. Chinatsu hakuwapo. Alikuwa ameshaingia jikoni.

Bi Fusae akamfuata, nami nikafuata na sinia la vikombe, kwa kuwa birika lilikuwa huko na mimi ndiye mtu wa chai. Chinatsu amesimama kwenye sinki, ametupa mgongo.

"Siyo mama mkwe," akasema kabla hajaulizwa. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema siji."

"Kwa sababu ya mzimu?"

"Mzimu gani, mama?" Akageuka, macho yamejaa. "Walipokuja mara ya kwanza, baba alikuwa ametimiza siku arobaini na tisa tu tangu afe. Tumemaliza msiba Jumapili, mwezi haujaisha watu wako ndani na taa zao. Mikeka ya chumba cha juu baba aliishona mwenyewe. Alishona akiwa tayari anaumwa, unakumbuka, anakaa anapumzika, anashona tena. Wakaimwagia damu ya rangi. Mimi niliona sinema hiyo Kawagoe, katikati ya watu wanakula bisi. Nikaona mikeka ya baba."

"Waliweka mipya," akasema Bi Fusae. "Mizuri zaidi."

"Najua waliweka mipya."

Nilikuwa nimeshika sinia na sikuthubutu kuliweka, lisije likalia. Nilitaka kumtetea rafiki yangu na sikuwa na neno, kwa sababu binti alikuwa anasema kweli, na mimi mwenyewe siku ile niliiona mikeka imerundikwa kwenye gari la taka nikaenda zangu kuuza tofu.

 Bi Fusae akasema, taratibu, kama anayejisikiliza. "Ulirudi kwa mumeo Jumatatu. Sikulaumu, ulikuwa na kazi. Mimi nikabaki. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nawasha kipikio cha umeme cha wali kisicho na kitu, nisikie tu kile kijiwimbo kinachopiga kikimaliza. Baba yako alikuwa hasemi, lakini nilikuwa nasikia sindano yake. Walipokuja wale watoto na kelele zao, na kula kwao, mimi nilifurahi. Sikufikiri mikeka. Nilifikiri nitapikia watu. Ndiyo maana na safari hii nimekubali haraka."

"Ungeniambia."

"Ungekuja?"

 Chinatsu akajifuta uso kwa kiganja. Sebuleni watu walikuwa wakikunja vitambaa vya meza, na Kanzaki alikuwa akiwaelekeza kwa sauti waliokuwa wakipandisha taa juu.

Bi Fusae akavua aproni. Akaenda sebuleni, akapiga magoti mbele ya Kanzaki, akaweka viganja viwili kwenye mkeka na paji la uso juu yake.

"Bwana Kanzaki. Nilikuahidi, na kuhani ameshakuja, na watu wako wameshafika. Nyumba sitaweza kuitoa. Nisamehe."

 Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Huyu ni Fusae aliyepika wali na homa ya kufa mtu ili asivunje neno kwa watoto wa shule, leo amelivunja neno lake mbele ya watu ishirini na kuhani. Nilimwona mgongo wake umekuwa mdogo. Bi Mitsue alifunika mdomo kwa mkono. Kanzaki alibaki amekaa, uso umemshuka, na nilielewa, maana ratiba yake yote imekufa hapo.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Chinatsu alinipita, ameshika ukuta, akashuka chini kwa shida, goti moja, kisha la pili, ubavuni kwa mama yake. Akaweka viganja kwenye mkeka. Akajaribu kuinama, tumbo likamzuia katikati, kichwa kikabaki kimening'inia hewani, nywele zimemfunika uso.

"Tunaomba radhi," akasema. "Mimi na mama."

Bi Fusae hakuinua kichwa, lakini mabega yake yakaanza kutikisika. Kanzaki akatazama yule mama na lile tumbo, akavuta pumzi, akainama naye mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema watatafuta nyumba nyingine, wasijali, wasijali kabisa. Watu wake wakaanza kushusha taa ngazini, mmoja mmoja, polepole, wasigonge ukuta.

"Mama," akasema Chinatsu bado ameinama, "nishike. Siwezi kunyanyuka."

Bi Fusae akanyanyuka yeye kwanza, akamshika mwanawe kwapani kwa mikono yote miwili, akamwinua.