Kiatu cha Rafu ya Chini

Fundi viatu jirani yangu tulimbatiza jina la Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila mteja. "Njoo kesho, mama." "Kesho bila kukosa, mwalimu." Hiyo kesho ikifika, kiatu bado kimelala sakafuni kinywa wazi, na Kesho mwenyewe ameinamia kiatu kingine, ambacho nacho atakiacha katikati.

Mimi ni fundi cherehani, mlango wa pili. Ukuta kati yetu ni wa mbao, kwa hiyo yote nilikuwa nayasikia: wateja wanavyomfokea, na yeye anavyoomba radhi mpaka sauti inamkauka. Siku aliyompa mwalimu viatu viwili vyote vya kushoto, mwalimu akarudi navyo mkononi amevimba kwa hasira, nilicheka hadi machozi. Kisha nikachungulia. Alikuwa anaulamba uzi na kuulenga tena na tena, hauingii kwenye sindano. Kicheko kikaniisha.

"Dada," akaniambia, "sijui hata nianzie wapi."

Mimi mdomo ninao, na fujo siwezi kuitazama nikanyamaza. Nikamwambia aweke sindano chini. Tukatafuta mbao za makreti, tukapigilia rafu tatu. Ya juu, kazi za leo. Ya kati, za wiki hii. Ya chini, zisizo na haraka. "Kila anayekuja muulize swali moja tu, unakitaka lini? Jibu liandike kwa chaki kwenye soli. Halafu fuata rafu, usifuate kelele."

Mpango huo ukamkubali. Ndani ya siku chache sakafu ilionekana, mikono ikatulia, na mchana akawa anakula amekaa kama watu. Wateja walipoanza kumsifu, nilihakikisha wanajua akili ilitoka wapi. Nilijisifu sana, sitaficha.

Kesho aliishi na baba yake, chumba cha nyuma ya kibanda. Mzee huyu ujanani alikuwa utingo wa lori. Siku moja njiani, mbali na watu, mzigo ulimwangukia ukamvunja mguu, na dereva wake akambeba mgongoni asubuhi nzima mpaka hospitali. Mguu ulipona ukiwa mfupi. Tangu mwanawe ajue kazi, Mzee alivaa kiatu alichomtengenezea yeye, soli imeinuliwa vidole vinne, na kwa kiatu hicho alitembea mji mzima. Soli hiyo ilibanduka wiki ileile tuliyopigilia rafu.

"Baba, unakitaka lini?" nilimsikia Kesho akiuliza, vilevile nilivyomfundisha.

"Nataka kwenda kumwona Dereva. Nasikia hali yake si nzuri." Nadhani hapo alikuwa anazitazama zile rafu. "Lakini naona una kazi nyingi, mwanangu. Ukipata nafasi."

Chaki ikaandika "nafasi". Kiatu kikaenda rafu ya chini.

Bila kiatu hicho Mzee hakuweza kuvuka barabara. Akawa anajikokota na fimbo hadi mlangoni kwangu, anakaa kwenye kigoda, ananiokotea pini zilizoanguka. Siku moja nikamuuliza, "Baba, si tukukodie gari? Ukifika, tunakushika huku na huku hadi ndani."

"Hapana, binti yangu. Dereva alishanibeba, inatosha. Safari hii nataka anione naingia kwa miguu yangu mwenyewe."

Maneno hayo aliniambia mimi, mwanawe hakumwambia. Nami badala ya kunyanyuka saa ileile, nilipiga kelele tu kupitia ukutani, "We Kesho! Kiatu cha baba!"

"Jumatatu, dada! Rafu ya juu imejaa!"

Na kweli ilikuwa imejaa. Kila siku iliingia mikoba, vikaingia viatu vya maharusi, zikaingia buti za askari anayetaka kusimama juu yako mpaka umalize. Mimi nilikuwa na sare za shule nzima. Jumatatu zikapita tatu. Nilimwambia asifuate kelele, kumbe rafu zenyewe nilizipanga kwa kelele. Asiye na kelele nilimtengea ya chini.

Alhamisi asubuhi alikuja binti yake Dereva. Alisimama mbele ya kigoda cha Mzee, khanga imemlowa machozi, akasema baba yake amefariki alfajiri. "Kila siku alikuwa anauliza kama utingo wake ameshafika. Tukimwambia bado, anasema mwacheni, mguu wake haukimbii."

Kesho alisikia. Alikitoa kile kiatu rafu ya chini, akapuliza vumbi, na ile chaki ilikuwa imefutika karibu yote. Akapaka gundi, akagonga misumari, akashona kuzunguka. Mteja mmoja aliingia na mkoba wa leoleo, Kesho hakuinua hata kichwa. Alipokata uzi wa mwisho, mimi sikuwa nimemaliza kupinda gauni moja. Kazi yote ilikuwa ya muda huo tu.

Akaja akapiga magoti, akamvisha baba yake. "Nisamehe, baba. Twende msibani."

Mzee akaibonyeza soli kwa kidole gumba, polepole, pande zote. "Umeshona vizuri," akasema. Kisha akafungua kamba, akakivua, akamrudishia.

"Kirudishe rafuni, mwanangu. Sasa hata nikibebwa, hataniona."

Tukambeba, Kesho upande huu, mimi upande ule.