Niliutafuta Mwandiko wa Aliyenisema Kwenye Sanduku

Nimekosa, ndugu zangu. Nimekosa na sina wa kumsingizia. Jina langu siliweki hapa, ila walio huku kwetu karibu na Murangi wakisoma watanitambua tu. Wanitambue!

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nusu ya kijiji nimewafundisha mimi kushika kalamu. Kwa hiyo tulipounda kamati ya kurekebisha mambo kati ya wananchi na polisi, ukatibu nilipewa bila kupingwa. Nikaenda semina Bunda, nikarudi na neno moja mdomoni: uwazi. Nililisema mpaka mke wangu akawa ananiita Bwana Uwazi.

Mpango ulikuwa rahisi. Sanduku la mbao linakaa ofisi ya kijiji, limefungwa kwa kufuli. Mwenye lalamiko juu ya askari, mgambo au kamati yenyewe anaandika bila jina, anatumbukiza. Siku ya mkutano linafunguliwa mbele ya watu wote, kila karatasi inasomwa kwa sauti, na polisi kata anajibu hapo hapo.

Mkutano wa kwanza ulikuwa mtamu. Karatasi moja ilisema kuna mvuvi amekaa mahabusu siku nyingi na ndugu zake hawajaambiwa kosa lake. Polisi kata akajikuna kichwa, akaahidi kufuatilia, na wiki hiyo hiyo yule baba akarudi nyumbani. Akina mama walipiga vigelegele!

Mkutano wa pili nikakunjua karatasi, nikaanza kusoma kwa sauti yangu ya darasani, nikakwama katikati. "Katibu anakunywaga chai na polisi kituoni. Watu wanasema mambo yao anayapelekaga yeye. Aache."

Mungu wangu! Wengine walicheka, wengine wakajikohoza. Chai nilikuwa nakunywa, sikatai. Nikipeleka barua kituoni wananikaribisha, nakaa. Mambo ya watu sikuwahi kuyapeleka. Lakini tangu siku ile kila aliyenisalimia nilidhani ndiye. Jirani akicheka nyuma ya ua, nilijua ananicheka mimi. Muuza dagaa akinipimia, nilimkagua vidole kama vina wino!

Ndipo nikafanya kosa lenyewe. Ile karatasi nilikuwa nimeitia mfukoni. Nyumbani nikatoa daftari la mahudhurio, ambalo kila anayejua kuandika huandika jina lake kwa mkono wake, nikaanza kulinganisha. Mwalimu anaweza kusahau sura ya mwanafunzi, si mwandiko. Ile k yenye mkia mrefu nilimchapia Bwire darasa la pili na hakuiacha. Bwire! Jirani yangu, mtu aliyeshika jembe kuchimba kaburi la mama yangu!

Mke wangu akaniona. "Baba Magesa, acha hiyo karatasi," akasema. "Jibu walichosema, basi."

Nikamwambia mambo ya kusoma aniachie mimi.

Mkutano wa tatu nikasimama, karatasi mkono huu, daftari mkono huu. "Kwa ajili ya uwazi," nikatangaza, "mwandiko huu ni wa Bwire!"

Bwire alisimama taratibu, kofia mkononi. "Ni wangu, Mwalimu. Na ile ya mahabusu ni mwandiko wangu. Na nyingine nyingi. Wasiojua kuandika wanakujaga kwangu, wananiambia, mimi ninaandika. Zamani walikuwaga wanakuja kwako."

"Basi hii ni ya nani?"

"Hiyo sisemi, Mwalimu. Na wewe hukutakiwa kuuliza."

Polisi kata akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Labda ilikuwa tarehe tu, sijui mpaka leo. Lakini kila mtu aliiona ile kalamu ikitembea, na wote waliowahi kuonekana nyumbani kwa Bwire wakaanza kuangalia chini.

Aibu gani hii! Niliyeshukiwa kuwapeleka watu, nimewapeleka kweli, mchana kweupe, mbele ya polisi mwenyewe.

Jioni ile mke wangu aliniwekea ugali, akakaa mbele yangu. "Ni mimi nilimwendea Bwire," akasema. "Wenzangu walikuwa wananyamaza nikifika bombani, kwa sababu ya hiyo chai yako. Mimi nikikuambia hunisikiaga. Nikasema labda ikisomwa utasikia."

Asubuhi akaenda kwao Butiama. Alikaa huko hadi mahindi yakavunwa.

Sanduku halijapata karatasi tena. Tukilifungua tunakuta buibui. Bwire amehamishia mtumbwi wake kisiwani, hata kwaheri hakuniaga. Juzi mama mmoja mumewe kakamatwa, nikamshauri alete lalamiko kwenye kamati. Akanitazama. "Kwako, Mwalimu?" Akapanda gari kwenda Musoma kuwatafuta watu asiowajua wamsaidie.

Ninyi mnaounda kamati kama hizi huko mliko, nawaomba sana: msimtafute aliyeandika! Jibuni kilichoandikwa, hata kama kinawauma, na mkishindwa kukijibu, waachieni wengine kiti.

Nusu ya kijiji nimewafundisha kuandika, mke wangu wa miaka yote hii sikumfundisha. Aliporudi nilimnunulia daftari na kalamu, nikamwambia tuanze hata leo. Aliviangalia, akanirudishia.

"Niandike," akasema, "ili uujue mwandiko wangu?"