Matone Mekundu Chini ya Jeneza la Gaspari

Nyie mnaonicheka mkiniona naingia kanisani, chekeni tu, kwa sababu ni kweli: mimi, katekista wa miaka mingi, mtu mzima mwenye mvi na rozari shingoni, nilijilaza kifudifudi vumbini chini ya gari lenye jeneza na kulamba kitu chekundu kilichokuwa kinadondoka, na nusu ya kijiji chetu cha Mamba ilikuwa imesimama inanitazama.

Yote yalianzia Mpanda asubuhi, kwenye mlango wa chumba cha maiti, tulipokwenda kumchukua marehemu Gaspari, rafiki na jirani yangu. Gari langu ni stesheni wagoni ya zamani, ya otomatiki, na kwa siku kadhaa lilikuwa na tabia mpya: ukiweka gia ya kwenda mbele linanyamaza kidogo kama mtu anayefikiri, halafu linashtuka na kuondoka. Nilijua hiyo ni dalili ya oili ya gia boksi kupungua. Nilijua pia kwamba kwa gari kama langu oili hiyo hupimwa injini ikiwa imewashwa na imepata moto. Lakini (sikilizeni uamuzi wangu mdogo) niliona si heshima kuliacha gari lingurume pale mlangoni watu wakiwa wanasali, basi nikazima, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikaona oili imefika kwenye alama, nikamshukuru Mungu na kufunga boneti. Injini ikizimwa oili hurudi yote chini na kijiti hudanganya. Hilo nalo nililijua.

Tulipopita Sitalike na kuingia hifadhini, moshi wa nyasi zilizochomwa ulikuwa umetanda, jua limekuwa jekundu mchana kweupe, na mbung'o walikuwa wanagonga vioo kama wanabisha hodi. Kando yangu alikaa Kizito, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nyuma yetu alikuwa baba yake ndani ya jeneza. Waombolezaji wengine walitufuata kwenye lori. Ghafla injini ikapandisha sauti, ikalia kama tunapanda mlima mkali, na barabara ni tambarare, huku gari linapungua mwendo, linapungua, mpaka likasimama kabisa. Nikakanyaga mafuta. Injini inapiga kelele, magurudumu hayaendi. Twiga waliokuwa pembeni wakaacha kula, wakatutazama, na hakuna aliyetikisa hata sikio.

"Baba hataki kwenda," Kizito akasema kwa sauti ya chini.

"Usiseme hivyo mwanangu, hii ni mashine."

"Mashine si umeipima asubuhi, Katekista, ukasema iko sawa?"

Nilizima injini, nikasubiri, watu wa kwenye lori wakashuka wakasimama nyuma yetu, na ule ukimya wa pori ukaniingia mwilini. Basi mimi, niliyefundisha vizazi viwili kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu na hawashiki magari ya watu, nikafungua mlango wa nyuma, nikapiga magoti, nikasema mbele ya wote: "Gaspari, rafiki yangu, kama kuna mtu unayemdai, mwachie Mungu. Twende nyumbani."

Nikarudi kwenye usukani, nikawasha, nikaweka gia. Gari likaondoka.

(Oili ilikuwa imepoa na kutulia tu, lakini nani angetuambia?) Kizito alinitazama kama mtu aliyeona muujiza, na mimi vinyweleo vya mikono vilisimama mpaka tunatoka hifadhini.

Majimoto tulimkuta Veneranda, dada wa marehemu, anatusubiri barabarani na kitenge cheusi. Kila mtu alijua kwamba yeye na kaka yake waligombana juu ya shamba la mpunga na hawakuwa wanasalimiana. Akaingia, akakaa kwa kujibana pembeni ya jeneza, akaweka kiganja juu ya ubao. Kizito akageuza shingo polepole, akamwangalia.

Mamba, kwenye kimlima cha kupanda kwenda nyumbani kwa marehemu, watu wamejaa pande zote wanaimba, injini ikalia tena, gari likasimama, halafu taratibu likaanza kurudi nyuma. Nyimbo zikakatika. Nikavuta breki ya mkono na kuzima. Katika ule ukimya nikasikia tone. Likafuata jingine. Nikashuka, nikainama, nikaona wekundu vumbini, na mdomo wangu, huuhuu unaofundisha watoto Amri za Mungu, ukasema kwa sauti: "Mungu wangu, damu!"

Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

"Shangazi, shuka!" Kizito akapiga kelele. "Baba alikuwa anakuja vizuri mpaka ulipopanda wewe!"

"Damu yake inamtaja aliyemuua!" mwanamke mmoja akadakia.

"Muulizeni lile shamba sasa limebaki kwa nani!" mwingine akaongeza.

Veneranda akashuka, akasimama ameegemea gari. "Nimekuja kumzika kaka yangu," akasema. "Kama mmeamua, chimbeni makaburi mawili."

Mmoja wa wachimba kaburi alikuwa bado ameshika jembe, na nikamwona analihamishia mkono wa kulia. Watu wakasogea hatua. Nilijua akidondoka yule mama, neno lililomwangusha ni langu.

Nikainama tena, safari hii kwa akili. Jeneza lilikuwa nyuma. Matone yalikuwa mbele, chini ya injini. Nikapaka kidoleni: yanateleza, ya moto, yananuka kuungua.

"Jamani, ni oili! Oili ya gia boksi, rangi yake ndiyo hii!"

"Unamficha," Kizito akasema. "Kule porini si umeongea na baba mwenyewe? Na akakusikia!"

Ndipo nikajilaza chini, nikatoa ulimi, nikalamba, nikainuka nimetapakaa vumbi na kidevu chekundu. Mtoto mmoja akalia. Nikatema, nikakohoa, nikasema, "Kizito, njoo unuse mdomo wangu!" Akaja. Akanusa. Nikawasha injini, nikachomoa kijiti mbele yake, na kikatoka kikavu, ncha tu ndiyo imelowa, wekundu uleule na harufu ileile ya kuungua.

"Ni oili," akasema hatimaye, akiangalia chini.

Mtu akacheka nyuma kule, kisha wengi wakacheka, jembe likashuka, na wanaume wakalibeba jeneza mabegani mpaka kaburini. Veneranda alitembea nyuma yake peke yake. Bado hakuna aliyetaka kugusana naye.

Fundi aliyekuja kesho yake alisema sili, ule mpira unaozuia oili ya gia boksi, ilikuwa imekufa na oili ilivuja njia nzima, pampu ikawa inavuta hewa. Siku hizi napima injini ikiwa inanguruma, hata kama amesimama askofu. Na Jumapili iliyofuata, kabla ya matangazo, nilisimama kanisani nikamsafisha yule mama kwa jina lake, watu wakaniangalia wakijizuia kucheka.

Nilimfuata nyumbani kwake baadaye kumwomba msamaha. Alikuwa anapepeta mchele.

"Ya gari nimeelewa, Katekista," akasema. "Nikuulize moja tu. Ingekuwa damu kweli, ungewazuia?"

Maswali ya dini nimeyajibu tangu ujana. Hili nililijibu ndiyo, lakini nilichelewa, na yeye aliona nimechelewa. Akaendelea kupepeta. Mungu ananivumilia, na mimi nimeapa kwamba akisimamishwa mtu tena mbele ya watu kwa neno la namna ile, nitasimama upande wake kwanza, halafu ndiyo niulize kilichotokea.